Mwarobaini unazuia bakteria kwenye sahani, mbona kidonda cha panya kimegoma?

binti_wa_Muheza
Wakubwa shikamooni, rika langu mambo. Nimekwama na utafiti wa shahada. Bibi yangu ametibu vidonda vya watoto wa mtaa mzima kwa majani ya mwarobaini, nikasema ngoja niyapeleke maabara.

Nikayakausha kivulini, nikasaga, nikaloweka kwenye ethanoli siku tatu, nikachuja na kuvukiza hadi nikabaki na uji mweusi kama lami. Kwenye agari, ile rojo ya sahani ya kuoteshea bakteria, mambo safi: duara wazi la milimita 14 ambamo Staphylococcus aureus, bakteria wa vidonda, hawakuota. Nilimtumia mama picha! Kisha nikachanganya na vaselini, nikapaka vidonda vya panya weupe. Kila baada ya siku tatu nachora ukingo wa kidonda kwenye plastiki angavu, nahamishia kwenye karatasi ya grafu, nahesabu miraba. Siku ya 12, wa mwarobaini na wa vaselini tupu wako sawasawa. Nimekosea wapi?

MzeeWaMaabara
Marahaba binti. Sahani imekuonyesha bakteria wamezuiwa kukua basi, nyama kuota ni habari nyingine. Dawa kali huweza kuua na chembe changa zinazofunga kidonda. Ulijaribu kiwango kimoja tu?

Halafu panya ana msuli mwembamba chini ya ngozi, unaivuta ngozi ijifunge kama mdomo wa mfuko wa kamba. Hata asiyepakwa kitu anafunga upesi, tofauti inamezwa humo. Wengine hushonea kipete cha silikoni kuzunguka kidonda kisivutike. Na kila mmoja alikuwa na kizimba chake? Wakichanganywa wanalambana, dawa inaishia tumboni.

nesi_wa_zamu
Mimi si mtafiti, ila wodini napokea watu waliobandika majani yaliyopondwa juu ya jiwe la uani. Vijidudu vya pepopunda vinakaa kwenye udongo jamani. Umechomwa na msumari, njoo kwanza upate sindano. Binti, nikuulize: bibi anatumia ethanoli?

binti_wa_Muheza
Dada nesi, hapo umenipata. Nimempigia jana usiku, kacheka mpaka kakohoa. Hapaki kitu! Anachemsha majani mabichi, maji yakipoa anaosha kidonda asubuhi na jioni, anafunga kitambaa kilichopigwa pasi. "Mafuta ya nini, unataka kukikaanga?"

Mzee, kiwango kilikuwa kimoja, na panya walikaa wanne wanne. Naona aibu hata kuandika.

MzeeWaMaabara
Aibu ya nini, wengi tumepita hapo. Sasa osha kundi moja kwa maji ya majani, jingine kwa maji matupu yaliyochemshwa, la tatu usilioshe. Hao wa maji matupu usiwaache kabisa, huenda kazi yote inafanywa na kule kuosha. Umebadili mpango, kwa hiyo rudi kamati ya maadili kabla hujamgusa panya mwingine.

Na ukienda Muheza kuchuma, leta na tawi lenye maua, libane katikati ya magazeti. Mtahini atakuuliza ulijuaje kama ni mwarobaini.