Ripoti ya titresheni: mwalimu hataki "makosa ya kibinadamu", niandike nini?

Kidato_cha_Sita: Wakuu, naomba msaada. Titresheni (kupima mkolezo wa alkali kwa kuimwagia asidi kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike): asidi HCl 0.100 mol/dm³ kwenye bureti (mrija wenye vipimo), alkali NaOH 25.00 cm³ iliyopimwa kwa pipeti kwenye flaski, kiashiria (cha kubadilika rangi mwishoni) methili oranji. Asidi iliyotumika: jaribio la kukadiria 25.90, yaliyofuata 25.60, 25.55, 25.60 cm³. Chupa ya NaOH imeandikwa 0.100 mol/dm³, hesabu inatoa 0.1023. Bureti ilisuuzwa kwa HCl, pipeti na flaski kwa NaOH. Nieleze vipi tofauti hiyo?

Bureti50: Pima kwanza ukubwa wa kosa, ndipo utafute chanzo. Kila usomaji wa bureti una ±0.05, nawe unasoma mara mbili: ±0.10 kwenye wastani wako wa 25.58 ni 0.39%. Pipeti ya daraja B ni ±0.06, yaani 0.24%. Jumla 0.63%. Wewe umezidi kwa 2.3%, vifaa havibebi mzigo huo. Tena majibu yako matatu yanapishana kwa 0.05 tu, maana yake usomaji wako ni mzuri na kuna kitu kinachoyasukuma yote upande mmoja.

Mimi naishuku flaski. Umeisuuza kwa NaOH, na iliyobaki ukutani ina moli (kiasi cha kemikali) ambazo pipeti haikuzipima. Asidi inalazimika kuzimaliza nazo. 0.58 cm³ tu zinatosha. Flaski husuuzwa kwa maji yaliyokenekwa. Hata ikibaki na maji haidhuru, moli za NaOH ni zilezile.

Kidato_cha_Sita: Asante mkuu. Nilitaka kutaja pia kabonidioksaidi kuingia kwenye NaOH, na kupitiliza rangi (kuongeza asidi baada ya rangi kubadilika).

Mama_Maabara: Kabonidioksaidi usiiandike hapa, mwanangu. Kwa methili oranji, kabonati inayotokea humalizwa yote na asidi, ujazo haubadiliki. Kwa kiashiria kingine, fenolftalini, ungepungua, kwa sababu rangi hupotea kabonati ikiwa imefika bikabonati tu. Wewe umezidi. Kupitiliza nako: tone moja ni kama 0.05 cm³, ungehitaji karibu matone 12 kila mara!

Kila chanzo unachotaja kionyeshe kinapandisha au kinashusha ujazo, na kwa kiasi gani. Hapo ndipo alama zilipo.

Bureti50: Naunga mkono. Ukipata nafasi, rudia kwa flaski iliyosuuzwa kwa maji. Ikishuka karibu na 25.00, umethibitisha. Ikibaki 25.58, zishuku lebo zenyewe: hakiki ile HCl kwa sodiamu kabonati iliyokaushwa kabla ya kuilaumu NaOH.