MREJESHO: yule wa operesheni ya kukaza tumbo

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza kama yale maji mekundu kwenye mpira wa kutolea maji ya kidonda ni kawaida. Nesi kasema mwanzoni sawa tu, yatapauka yawe ya njano, nipime na kuandika kila siku maana yakishuka chini ya mililita 30 kwa saa 24 ndo wanautoa. Basi umetoka, aisee ukivutwa unasikia kama mnyoo unapita tumboni 😂😂

Nalala chali mito chini ya magoti, mkanda wa kubana tumbo navua nikioga tu. Aliyenitahadharisha damu kuganda miguuni ubarikiwe, natembeatembea hadi jikoni isigande, nakagua na mashavu ya miguu, limoja likivimba na kuuma naenda hospitali hapohapo. Kubeba mtoto bado, analia weee ila yuko kwa bibi yake.