Redio tatu kwa miezi minane! Wauzaji, hizi mnazotuuzia ni tochi, si redio

Wadau, nimetoka lindo asubuhi hii, sijalala, na silali kabla sijalitoa hili moyoni.

Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Nakuru, upande wa Section 58, huu ni mwaka wa kumi na moja. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye kibanda changu kuna kiti, koti la mvua, rungu, tochi na redio. Redio kwangu si pambo. Ndiyo inayoniweka macho saa tisa usiku, baridi ya Menengai inaposhuka na hata mbwa wa mtaa wamenyamaza. Jana, taarifa ya habari ya saa tatu ikisomwa, redio yangu ya tatu tangu mwaka huu uanze ilikata sauti na haikurudi. Nikakaa muda wa saa tisa nzima gizani bila neno la mtu. Hasira niliyo nayo, naomba mnisikilize tu.

Ya kwanza nilinunua shilingi 650, duka la vifaa vya umeme karibu na steji ya matatu. Ina tochi mbele. Ina mahali pa flashi, mahali pa memori kadi, na taa zinazogeuka rangi kila ngoma ikipigwa. Kijana wa duka aliniwekea wimbo kutoka kwa flashi, sauti ikajaa duka zima, nikalipa. Kosa lilikuwa hapo. Flashi haipimi redio! Flashi inapima spika peke yake. Nilipofika kibandani nikatafuta Radio Taifa, nikapata sauti mbili kwa pamoja: mtu anasoma habari na mhubiri anapaza sauti juu yake. Nikasogeza kidogo, mhubiri akabaki peke yake. Nikasogeza tena, mhubiri yuleyule. Mhubiri mmoja alikuwa amekalia nafasi ya stesheni tatu.

Mji huu una stesheni nyingi zimebanana kati ya 88 na 108 kwenye FM, na zile zenye mitambo ya karibu zinaingia kwa nguvu sana. Kazi ya redio si kupokea tu, ni kuchuja. Ichukue moja, iziache jirani zake. Redio isiyochuja haina faida mjini hata ikiwa na antena ndefu kama fimbo ya kuchungia ng'ombe.

Nikaipeleka kwa fundi wa simu, mtu mzima, mkono wake naujua. Akafungua skrubu nne. Waya wa antena haukuwa umechomelewa kwenye bodi. Ulikuwa umelazwa pale na kushikiliwa na gundi nyeupe, ile ya moto. Akaugusa kwa ncha ya bisibisi, ukatoka wenyewe. "Mzee, hii antena ulikuwa unaivuta bure," akaniambia. Halafu akatoa betri. Ni ile bapa ya aina ya BL-5C, iliyokuwa kwenye simu za Nokia za vibonyezo. Karatasi yake imeandikwa 3,800 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa na betri. Fundi akaikwangua kwa ukucha, ikabanduka, na chini yake kulikuwa na karatasi nyingine imeandikwa 600. Betri halisi ya BL-5C ya Nokia iliandikwa 1,020, na umbo ni lilelile. Hizo 3,800 zingekaa wapi? Mtu alikaa chini, akachapisha uongo, akaubandika juu ya ukweli, na mimi nikalipia karatasi. Fundi alichomelea antena kwa shilingi mia, stesheni zikaja zaidi kidogo, lakini mhubiri hakuondoka, na chaji ilikuwa inaisha kabla ya saa sita usiku.

Nikarudi dukani na redio, risiti, na ile karatasi iliyobanduka. Yule kijana hata hakuishika. "Mzee wangu, bidhaa ikishatoka hairudi, soma hapo chini ya risiti." Nikamwambia, "Kijana wangu, soma wewe hapa kwenye betri." Akaita mteja wa nyuma yangu.

Ya pili nikasema niongeze pesa, pengine tatizo ni bei. Shilingi 1,150, ya kidijitali, namba zinaonekana kwenye kioo. Hii haina gurudumu la kutafuta stesheni. Unabonyeza kitufe, inapekua yenyewe, inaziweka stesheni kwa namba: ya kwanza, ya pili, mpaka ya thelathini na kitu. Inaonekana ni akili sana mpaka uitumie gizani. Ukitaka stesheni ya kumi na tisa unabonyeza mara kumi na tisa. Na inapopekua inaruka stesheni dhaifu, kwa hiyo ile unayoitaka, kama mtambo wake uko mbali, haimo kwenye orodha kabisa, na huna gurudumu la kuinyatia polepole kama zamani. Betri ikiisha kabisa, inasahau yote, unaanza upya.

AM yake ndiyo iliyonimaliza. Kwetu Afrika stesheni za AM zimepangwa kila kilohezi 9: 531, 540, 549, kuendelea. Marekani wanapanga kila 10. Redio hii ilikuwa inatembea kwa kumi kumi, 530, 540, 550, na hakuna kitufe cha kuibadilisha. Maana yake karibu kila stesheni ya AM unaipata pembeni, inakwaruza, haikai katikati. Iliundiwa soko lingine, ikatupwa kwetu, na muuzaji akaniambia AM siku hizi imekufa. AM haijafa, redio yako ndiyo haijui kuhesabu!

Na hapohapo niwatahadharishe wanaochakura za mtumba kutoka Japani. Zile ni imara, kweli, lakini angalia namba. FM ya Japani inaanzia 76, na redio nyingi za zamani za huko zinakomea 90. Wenye magari ya Vitz na Probox wanajua, ndiyo maana hununua kile kidude cha kubadilisha masafa. Redio ya mfukoni huibadilishi hivyo. Utabaki na kipande kati ya 88 na 90, na stesheni zako nyingi ziko juu ya hapo.

Ya tatu ni hii iliyokufa jana. Shilingi 450, ya mawe mawili madogo, yaani betri kavu. Hii niliinunua kwa moyo mweupe kwa sababu ya mawe. Gurudumu la sauti lilikuwa limelegea, kila nikiongeza sauti inapasuka kama mahindi kwenye sufuria. Nikavumilia. Mshale wa stesheni unatembea sentimita nne tu kutoka 88 mpaka 108, yaani FM nzima ni fupi kuliko kidole changu cha shahada, ukipumua imehama. Nikavumilia. Jana kile kibati cha springi kinachogusa jiwe upande wa alama ya kutoa (−) kimekatika. Nimekiangalia kwa tochi: chembamba kama karatasi ya sigara, kimeshika kutu, na redio ina wiki kumi.

Sasa mtaniambia, mzee, si utumie simu. Nimeambiwa sana na naomba lisirudiwe hapa. FM ya simu nyingi haifanyi kazi mpaka uchomeke waya za masikioni, kwa sababu ule waya ndio antena. Mlinzi akiziba masikio usiku si mlinzi tena. Mimi nasikiliza redio kwa sikio moja na geti kwa sikio la pili. Na kusikiliza kwa intaneti ni bando, muda wa saa kumi na mbili kila usiku, kwa mshahara upi? Simu yangu nataka iwe na chaji saa kumi alfajiri nikihitaji kumpigia askari.

Nyumbani Malava nako nimeumia. Mama ana miaka 74, macho yamepungua, redio ndiyo gazeti lake. Nilimtumia ile ya 650, dada wa ile ya kwanza, kabla sijajua maovu yake. Akanipigia baada ya wiki: "Mwanangu, hii redio yako inalala kabla yangu." Mama anataka Mulembe FM na matangazo ya vifo, basi. Ile redio inamtaka apeleke chaji kwa kinyozi sokoni, shilingi ishirini kila mara, kwa sababu stima ikipotea kule inapotea siku mbili. Na ikiwa kwenye chaji nyumbani inanguruma, kwa kuwa zile chaja za bei ya chini zinatoa kelele inayoingia ndani ya redio. Taa za LED za bei ya chini nazo ni hivyohivyo, hasa kwenye AM. Jaribuni: zimeni taa, msikie tofauti.

Kwa nini nashikilia mawe? Kwa sababu jiwe likiisha kioski chochote kina jiwe, hata saa nne usiku, hata kijijini. Tumelelewa nayo. Baba alikuwa anayaanika juu ya bati asubuhi, jioni anayarudisha, anapata habari ya jioni moja zaidi. Na mji huu huu wa Nakuru ndio ulikuwa na kiwanda cha mawe ya Eveready, yale yenye picha ya paka. Kilifungwa 2014, wakilalamikia bidhaa za bei ya chini kutoka nje, bandia zikiwemo. Nilikuwa na majirani waliokuwa wakipanga mstari mbele ya geti lile asubuhi. Kwa hiyo mtu akiniletea betri yenye karatasi mbili, ya uongo juu na ya kweli chini, haniudhi kwa shilingi 650 peke yake.

Na msiniambie redio ndogo ya bei nafuu haiwezi kuwa nzuri. Nilikuwa nayo! Tajiri wangu wa kwanza aliniachia Sony ICF-S10MK2 alipohama. FM na AM, mawe mawili ya AA, gurudumu la stesheni, gurudumu la sauti, kwisha. Haina tochi, haina flashi, haina taa. Mawe ya alkali yalikuwa yananipeleka karibu wiki mbili. AM ikififia niliizungusha tu polepole, sauti inapanda, kwa sababu antena ya AM ni ile fimbo nyeusi iliyo ndani na inasikia upande mmoja kuliko mwingine. Ilinitumikia mpaka Desemba lililopita, lori lilipoirudia nyuma. Ni redio ya bei ya chini huko ilikotoka, si ya kitajiri. Na mwenzangu wa lindo la pili, kijana wa Busia, ana Tecsun R-9012 aliyoletewa na shemeji kutoka Dubai. Hiyo nayo ni mawe mawili ya AA, ina FM, AM na bendi kumi za masafa mafupi, inaingia mfuko wa koti. Tumeziweka pamoja kwenye ukuta uleule, yake na yangu ya 1,150. Yake ilitenganisha stesheni ambazo yangu ilizikoroga. Kwa hiyo inawezekana. Hamtaki tu kuagiza, kwa sababu taa za rangi zinauza haraka.

Na hilo la "bidhaa hairudi" liishe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, haki ya kuelezwa anachohitaji kujua ili anufaike nazo, na fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Mstari uliochapishwa chini ya risiti ya shilingi 650 haufuti Katiba. Mwenye duka aliye hapa, na najua mko, nijibu hilo.

Mimi sasa sinunui kabla ya haya. Natoa flashi, nasema weka FM. Natafuta stesheni dhaifu iliyo jirani na yenye nguvu, naona kama zinatengana. Naivuta antena na kuirudisha: kama sauti haibadiliki hata kidogo, basi antena ni pambo. Napandisha sauti na kuishusha mara kumi nikisikiliza kupasuka. Nafungua kifuniko cha betri naangalia vibati. Muuzaji akikataa nijaribu, natoka. Juzi wawili wamenikataza, mmoja akaniambia naharibu bidhaa.

Ninachotafuta ni hiki: redio ya mfukoni, mawe mawili ya AA, FM kamili mpaka 108, AM, gurudumu. Nina shilingi 1,500 kwa moja, na nataka mbili, yangu na ya mama. Mwenye kujua duka linaloruhusu kujaribu, liwe Nakuru, Eldoret au Kakamega, aandike hapa. Kisumu pia nitafika, Jumapili sina zamu na soko la Kibuye hujaa siku hiyo. Msinitajie ya kuchaji.