Naomba ushauri: kiwango cha kubadilisha kwacha kabla ya kuthibitisha muamala

Ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Ninafanya biashara ya mchele hapa Mbeya, na mteja wangu wa Nakonde, upande wa Zambia ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, anataka kunilipa kwacha 40,000 kwa simu badala ya fedha taslimu. Kabla hajathibitisha amenitumia picha ya skrini inayoonyesha kiwango cha kubadilishia, ada, na maelezo kwamba kiwango hicho kinadumu kwa muda mfupi tu. Ninafahamu kwamba Benki Kuu hutangaza bei ya kununua na ya kuuza fedha za kigeni, lakini kiwango tulichopewa kiko chini ya bei zote mbili, hivyo ninaamini kuna gharama nyingine ndani ya tofauti hiyo, hata kama ada iliyoandikwa ni ndogo.

Linalonisumbua zaidi ni ukomo wa kiasi kinachoweza kutumwa kwa siku: malipo yakilazimika kugawanywa mara mbili, je, sehemu ya pili itabadilishwa kwa kiwango cha kesho? Faida ya gunia ni ndogo, na shilingi chache zikipungua katika kila kwacha, yote huisha. Naomba pia kujua kama ni busara kukubaliana naye kwa shilingi nitakazopokea, ili tofauti isiniangukie mimi peke yangu.