Je, picha ya simu yatosha kutambua saratani ya ngozi kwenye wayo?

Binti wa Likoni: Assalaam aleikum. Mamangu ana miaka 61, ni mweusi wa ngozi, na wayo wake wa kulia una baka jeusi ambalo mwaka jana lilikuwa kama punje ya choroko na sasa linakaribia upana wa ukucha wa kidole gumba. Mpwa wangu alilipiga picha, na programu ya simu ikajibu kwamba hakuna hatari. Mama ameridhika, mimi sijaridhika. Je, kuna upigaji picha wa kuaminika zaidi?

Tabibu wa ngozi: Wa aleikum salaam, dada. Una haki ya kutoridhika. Programu nyingi za aina hiyo zimefunzwa zaidi kwa picha za ngozi nyeupe, ilhali melanoma, yaani saratani ya chembe za ngozi zinazotengeneza rangi, kwa watu weusi mara nyingi huanzia kwenye wayo, kiganja au chini ya ukucha. Ya Bob Marley, aliyefariki mwaka wa 1981 akiwa na miaka 36, ilianzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Kliniki hutumia demoskopu, yaani kioo chenye taa maalumu kinachokuza ngozi takriban mara 10 na kuuondoa mng'ao wa juu, hata rangi iliyo ndani ikaonekana. Wayo una matuta na mifereji myembamba: rangi ikifuata mifereji, kwa kawaida ni doa lisilodhuru, ikikaa juu ya matuta, twashuku melanoma. Madoa mengine hupigwa picha, zikahifadhiwa kwenye kompyuta na kulinganishwa baada ya miezi 3, lakini baka lililokua hivyo halifai kusubirishwa. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kipande kinachokatwa.

Mzazi, Kisauni: Mwanangu ana ualbino, na kwake hofu yetu ni uso, masikio na shingo, mnamopigwa jua. Kila mwezi twampiga picha kwa mwanga ule ule, rula ikiwa kando ya doa, na daktari huzitazama kwa makini.

Binti wa Likoni: Ahsanteni sana. Mama anaamini kwamba kisu ndicho kinachoieneza saratani.

Tabibu wa ngozi: Mwambie kwa upole kwamba sivyo. Kipande hicho ndicho kinachotuonyesha kina cha ugonjwa kwa milimita, na melanoma isiyozidi milimita 1 mara nyingi huponywa kwa kukatwa. Mpeleke wiki hii, mkaombe akaguliwe pia wayo wa pili na kucha zote, bila rangi wala hina.