Herufi saba za leo: WALIMKAMUA imekataliwa, ni haki?

viazi_vya_molo (Nakuru)
Wadau habari za mchana. Naomba msaada kabla ya saa tatu usiku jibu litolewe. Kuna grupu ya WhatsApp binamu yangu aliniingiza, kila asubuhi admini anaweka herufi saba, moja iko katikati na hiyo lazima iwe kwa kila neno, herufi unaweza kurudia venye unataka, na neno lisipungue herufi nne. Ni ule mchezo wa New York Times wa Spelling Bee, sisi tumeufanya wa Kiswahili. Leo katikati ni W, kando kuna A I K L M U.

Tangu asubuhi nauza viazi hapa sokoni na mkono mmoja, ule mwingine uko kwa simu. Nimepata wali, mwaka, mwili, wiki, wima, wakili, wakala, lawama, awamu, mwalimu na miwa. Nikaandika kimulimuli nikijipiga kifua, herufi kumi! kumbe haina W. Malkia pia hivyo hivyo. Lakini kitu imeniuma ni hii, lile neno la herufi zote saba nilidhani nimelipata, WALIMKAMUA. Hesabuni wenyewe, W A L I M K U, zote ziko. Admini akanijibu "hilo si neno, hiyo ni sentensi". Sasa kwani Kiswahili si ndio hicho? Nikabishana naye mpaka mteja akaniacha hapo na nilikuwa nishampimia gorogoro mbili.

Swali langu, ni haki? Na kama ni haki, nyinyi mnalipataje hilo neno kubwa, mimi hii ni wiki ya tatu na sijalipata hata siku moja.

boda_ya_kondele (Kisumu)
Pole sana ndugu yangu, hiyo ya kimulimuli imenichekesha nikiwa stejini watu wakanigeuzia macho. Mimi sicheza na grupu yenu lakini nimejaribu hizo herufi nikingoja abiria. Umeacha kiwiliwili! Herufi kumi kama kimulimuli na hii iko na W mbili. Pia kawia, kwama, kwamua, ukiwa, wika ya jogoo, mwali, awali. Neno kubwa limenishinda. Kila nikikaribia nakosa moja: mwalimu inakosa K, wamiliki inakosa U, mawakili nayo U, uwakili inakosa M. Ni kama mtu amekaa huko anatucheka.

chaki_nyeupe (Kakamega)
Mulembe. Nilifundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu kwa hivyo mniwie radhi nikirefusha.

Admini wenu yuko sawa. Fungua kamusi yoyote, tuseme ile ya TUKI ya 1981, utakuta kamua chini ya K. Walimkamua hutaipata popote, maana hapo wa- ni watenda, -li- ni wakati, -m- ni aliyekamuliwa. Mkiruhusu hiyo, kesho mtu ataleta walimkamulia, mwingine wakikamuliwa, mwingine walikamuliwa, na zote hizo zina herufi zenu saba kamili, sasa mchezo utaisha lini? Mwingereza hana shida hii kwa sababu kitenzi chake hakibebi watu mgongoni. Chetu kinabeba familia nzima.

Lakini ndugu wa viazi usikate tamaa, ulikuwa umeshika ng'ombe, ni vile ulimshika upande wa kichwa. Toa vya mbele vyote, ubaki na kamua. Halafu kinyambue kwa nyuma: kamulia, kamulika, kamu... malizia mwenyewe. Minyambuliko ya nyuma kamusi huionyesha palepale kwenye kitenzi, kwa hivyo admini akikataa hiyo mwambie aje na kamusi yake tukae chini. Kwangu mimi mpaka ndio huo: nyuma ruhusa, mbele hapana.

Hata ku- ningeikataa. Mkiiruhusu tu, kulimwa inaingia na herufi saba bila hata moja kujirudia, na mtakuwa mmepata neno kubwa la bure kila siku.

mzinga_wa_kale (Nakuru)
Mwalimu shikamoo, hapo kwa mbele nina swali. Wingi je? Kwa ule wa Marekani kwa kawaida hawaweki S kabisa, maana kila nomino ingezaa nyingine papo hapo. Sasa sisi wingi wetu uko mbele, m- inageuka wa- au mi-. Mkiukataa, miwa inatoka, na nadhani hata neno la admini linatoka. Naona nimelipata ila sitalimwaga hapa, nitasema tu ni watu, tena si mmoja, na viazi_vya_molo kama yuko sokoni Nakuru amepita mbele yao leo.

Alama ni zilezile? Kule neno la herufi nne ni alama moja, refu zaidi unahesabiwa kila herufi, na lenye zote saba linaongezwa saba. Basi neno hilo ni nane jumlisha saba, kumi na tano, linashinda hata kiwiliwili.

chaki_nyeupe (Kakamega)
Marahaba. Wingi wa nomino ukubaliwe, kamusi huuandika pembeni ya neno lenyewe. Ila hiyo miwa nayo ina kesi: umoja wengine wanaandika muwa, wengine mua. Huku kwetu tunaikata tu.

boda_ya_kondele (Kisumu)
Mua ni herufi tatu na W haina, imekufa mara mbili 😂

viazi_vya_molo (Nakuru)
Wueh. Nimerudi. Mwalimu asante sana, KAMULIWA, nikaituma, admini akanyamaza kama dakika kumi hivi halafu akaweka kumi na tano bila kusema kitu.

Ya pili nayo nimekaa chini nikatoa risiti ya ushuru ya leo asubuhi mfukoni nikitafuta kalamu niandike herufi kwa duara, nikaigeuza, na jina la soko liko hapo juu kabisa. WAKULIMA. Miaka minne nalipia hiyo karatasi kila siku.

Yule mteja wa gorogoro mbili amerudi pia. Nimemwongezea viazi vitatu.