Malengelenge ya kukimbia: tupeane uzoefu, kisigino kimenishinda

Kisigino Chuma
Wakuu habari za jioni. Nipo kitandani, mguu mmoja juu ya mto, naandika huu uzi kwa hasira. Jana asubuhi nimepiga kilomita 18, Kawe kwenda daraja la Tanzanite na kurudi, na raba mpya, mpya kwangu maana nimezichukua mitumba soko la Karume. Nilipozijaribu kidole kilikuwa kinagusa mbele, muuzaji akaniambia bro hizi zinalegea zenyewe ukizivaa siku mbili. Hazijalegea. Kilicholegea ni ngozi yangu.

Kisigino cha kulia kuna lengelenge ukubwa wa kizibo cha soda, limejaa maji, nikilibonyeza linacheza kama mtindi kwenye kikombe. La kushoto lilipasukia ndani ya soksi, soksi ikagandia, nimeivua kwa maji ya uvuguvugu nimeng'ata taulo. Jumapili ijayo nina mbio za kilomita 21. Natumbua au nasubiri? Waliopitia haya waje. Wale wa "acha kukimbia" mpite kimya kimya.

Chongo la Mtaa
Acha kukimbia.

Binti Sayari
Nimekaa paleee na beseni langu la maji ya chumvi.

Kuruta Mstaafu
Umenikumbusha mbali mkuu. Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, wiki ya pili, kambi siitaji. Mimi navaa saba nikapewa buti namba tisa, nikasema afadhali kubwa kuliko dogo, kumbe buti kubwa nalo linakula vilevile, mguu unasafiri humo ndani kama mtungi kwenye keria ya baiskeli. Saa kumi alfajiri mchakamchaka, kuimba unaimba lakini moyoni unalia. Usiku bweni zima tumekaa foleni kwenye vitanda, sindano MOJA, watu kumi na wawili, kila mtu akimaliza anaipitisha kwenye kiberiti anampa mwenzake. Afande akaingia, tukajua tumekwisha, akatuangalia akasema "mkimaliza nipeni na mimi."

Fundi Charahani
Wote mnahangaika bure. Dawa ni uzi. Chukua sindano yenye uzi wa pamba, toboa lengelenge upande huu tokezea upande ule, kata, uache uzi humo humo ndani usiku kucha. Maji yanafuata uzi yanatoka yenyewe taratibu, asubuhi umekauka kama dagaa. Babu yangu alitufundisha, alikuwa tarishi, alitembea nchi nzima kwa miguu.

Nesi wa Zamu
Fundi tafadhali. Huo uzi unaotoa maji nje ndio huo huo unaoingiza vijidudu ndani, njia ni moja, haina mlinzi. Na nyie wa sindano moja watu kumi na wawili mshukuru Mungu mko hai mnaandika humu.

Fundi Charahani
Babu kafa na miaka 91, miguu yote miwili.

Nesi wa Zamu
Marehemu apumzike. Uzi usiweke.

Binti Sayari
Uzi ndani ya uzi 😂😂

Mzee wa Peku
Tatizo lenu ni viatu. Mungu alikupa soli wewe ukaenda kununua nyingine. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki Roma 1960 akiwa peku, kilomita 42 kwenye lami na mawe ya Roma, hakuuliza mtu habari za plasta. Kimbieni peku miezi mitatu mguu ukomae.

Kuruta Mstaafu
Mzee na Tokyo 1964 je? Alishinda tena, na mara hiyo alivaa viatu. Mbona hiyo husimulii?

Mzee wa Peku
Kwa hiyo unabishana na Roma?

Chongo la Mtaa
Na mzee wetu John Stephen Akhwari, Mtanzania mwenzetu, marathoni ya Olimpiki Mexico 1968 alimaliza mbio goti limefungwa bandeji, wewe Kisigino unalia na kizibo cha soda.

Kisigino Chuma
Goti na kisigino wapi na wapi. Halafu yeye hakuwa na kazi ya kusimama kaunta Jumatatu.

MamaJunia
Ngoja niwape ya kwangu maana hii mada imenitonesha. Kilimanjaro Marathon kule Moshi, mwaka siutaji msije mkanipigia hesabu ya umri. Nilijiandaa miezi minne, viatu ni vya zamani vinanijua na mimi navijua. Kosa moja tu, asubuhi ya mbio nikavaa soksi mpya nyeupe za pamba alizoninunulia mdogo wangu zifanane na tisheti kwenye picha.

Wanaoijua ile njia ya 21 wanajua, ukishatoka mjini ukaukamata mlima wa kwenda Mweka hakuna utani tena, unapanda tu, migomba kushoto migomba kulia, watoto wanakupigia makofi unatamani uwaombe wakubebe. Jua likatoka. Mimi kila meza ya maji nusu nakunywa nusu najimwagia kichwani, najiona mjanja. Sasa yale maji yanaenda wapi? Yanateremka na mgongo, na mapaja, yanaishia kwenye soksi. Na soksi ya pamba ikishashiba maji haiyaachii, inajikunja chini ya unyayo inakuwa tambara la deki ndani ya kiatu.

Kupanda nilipanda. Kilichoniua ni kushuka. Ule mteremko kila hatua mguu unateleza mbele, vidole vinagonga ncha ya kiatu kama mtu anabisha hodi kwa mdaiwa. Kwenye kilomita ya 14 hivi nikasikia kitu kimefanya pwaa, pale kwenye nyama chini ya kidole gumba, halafu ubaridi kidogo, halafu MOTO. Nikakaa kwenye jiwe, nikavua kiatu, ile soksi nyeupe ina doa la rangi ya waridi limekaa kama ramani ya Afrika mpaka na Madagaska yake pembeni. Nikalia jamani. Maumivu nayajua, nimezaa, ila hiyo ilikuwa hasira, miezi minne inakufa kwa soksi.

Kuna kijana wa bodaboda kaegesha pale anaangalia wakimbiaji. Hakusema pole. Kavua ndala zake, kaziweka mbele yangu, moja ya bluu moja ya kijani, akasema "dada shuka nazo, zimebaki kilomita saba tu." TU. Nikafungia raba kiunoni, nikashuka Moshi na ndala zinanipiga visigino pwata pwata pwata, watu wananishangilia wakidhani ni vituko. Uwanja wa Ushirika nimeingia saa tatu na dakika kumi na kitu toka nianze. Medali ninayo. Kucha za vidole gumba vyote viwili ziligeuka nyeusi zikang'oka zenyewe mwezi wa tano. Na ndala ninazo mpaka leo, chini ya kabati.

Binti Sayari
Dada MamaJunia umenitoa machozi na kicheko pamoja. Sasa yule kijana????

Chongo la Mtaa
Subiri kwanza. Yeye aliendesha pikipiki peku?

Mzee wa Peku
Mnaona sasa.

Kuruta Mstaafu
Ndala za mtu unakaa nazo miaka yote hiyo, sheria inasemaje hapo wadau?

MamaJunia
Kesho yake nilirudi jamani, na zawadi nimebeba. Kijiweni wakaniambia kapeleka abiria Kibosho. Nikasubiri nusu saa, basi la Dar likawa linaondoka.

Binti Sayari
Nusu saa! Mtu kakuvulia ndala mlimani unamsubiri nusu saa. Mimi ningehamia Kibosho.

MamaJunia
Nilikuwa na mume.

Chongo la Mtaa
"Nilikuwa." Uzi ndio unaanza sasa.

Kisigino Chuma
Jamani KISIGINO CHANGU.

Mwana Iten
Pole sana ndugu, mimi ni jirani yenu wa Kenya, nasoma nikicheka. Huku tuko juu, kama mita 2,400, baridi asubuhi, barabara ni za udongo wa murram, na shida yetu si maji, ni vumbi. Linaingia ndani ya kiatu linakuwa kama msasa. Kijana mmoja wa hapa alinifunza vile ya kufunga kamba nikaachana na malengelenge ya kisigino kabisa. Angalia raba yako, juu kabisa kuna tundu la ziada ambalo watu huliacha. Kamba ya kushoto iingize kwenye hilo tundu la kushoto kuanzia nje, usivute yote, acha kitanzi kidogo. Kulia fanya vivyo hivyo. Sasa pitisha kamba ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto, halafu vuta ukielekea chini, ndio ufunge kawaida. Kisigino kinakaa imara, hakipandi hakishuki. Maana lengelenge linakuja hapo, ngozi imeshikwa na soksi, mfupa ndani unaendelea kwenda na kurudi, basi nyama ya katikati inachanika na maji yanajaa.

Fundi Charahani
Huyu anaongea kitaalamu. Lakini hata yeye katumia kamba. Kamba ni uzi mnene.

Baharia wa Matrah
Nakimbia Muscat, Oman, pwani ya Matrah, usiku tu maana mchana huku utaiva. Hata usiku nikimaliza nakamua soksi kama nimetoka baharini. Niliacha pamba, nikahamia soksi za nailoni nyembamba, vidole napaka mafuta ya mgando mengi kabla ya kuvaa, wala usione haya, paka kama unapaka siagi kwenye mkate wa mgeni. Poda sikushauri, ikishalowa jasho inakuwa uji unakusugua vizuri zaidi.

Binti Sayari
Mimi poda imenisaidia miaka yote.

Baharia wa Matrah
Wewe unakimbia kilomita ngapi?

Binti Sayari
Tano. Na tatu kati ya hizo natembea. Kwani vipi.

Goti la Chuma Chakavu
Niwatoe kwenye utani kidogo. Miaka mitatu iliyopita nilipata lengelenge la kawaida kabisa, pembeni ya kidole cha mwisho. Nikachukua wembe nikakata ile ngozi ya juu yote, nikaona pekundu linameremeta, nikapaka dawa ya meno maana nilisikia inakausha. Usiku sikulala, linawaka. Siku ya tatu pakaanza harufu, mguu ukavimba mpaka kifundo, nikaona mstari mwekundu unapanda na muundi, halafu mtoki kinenani ukubwa wa ndimu, homa juu. Mke wangu ndiye aliyenibeba kwenda hospitali. Kule cha kwanza wakanitoboa kidole kupima sukari. Ilisoma 19, iko juu sana. Nina miaka 38, nakimbia kila wiki, mwembamba kama mwiko, sikuwa na habari. Ndio nikaelewa kwa nini lile lengelenge halikuniuma sana lilipoanza, miguu ilikuwa imeshaanza ganzi na mimi nikidhani ni raba zinabana. Nililazwa siku sita. Mguu upo, kidole kipo, sasa natumia dawa na nimerudi kukimbia.

Kuruta Mstaafu
Duh. Pole sana kaka.

Nesi wa Zamu
Pole sana na asante kwa kuandika. Mwenye sukari asitumbue chochote nyumbani, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, aende akaonyeshe. Na yeyote akiona usaha, wekundu unasambaa, mstari unapanda mguuni, mtoki au homa, aache kusoma uzi aende hospitali.

Kisigino nakujibu wewe sasa. La kulia, kama halikuzuii kuvaa ndala na kutembea, liache. Yale maji yana kazi yake, ngozi mpya inajijenga chini yake bila bughudha. Kama linakuuma huwezi kukanyaga, toa maji ila kwa adabu. Nawa mikono, osha mguu kwa sabuni, sindano mpya ya duka la dawa, ifute na spiriti. Kiberiti acheni, mnaingiza masizi. Toboa pembeni kwa chini matundu mawili matatu madogo, bonyeza kwa pamba safi taratibu mpaka litulie. NGOZI USIVUE, iache ilalie kidonda. Mafuta ya mgando kidogo, funika, badilisha kila siku na kila likilowa. La kushoto lililopasuka osha tu, ngozi iliyobaki irudishe mahali pake, funika. Chumvi hapana, ndimu hapana, majivu hapana.

Binti Sayari
Beseni langu la chumvi nimwage?

Nesi wa Zamu
Mwaga.

Mzee wa Peku
Mshubiri je? Ule utomvu unapoza.

Nesi wa Zamu
Kwenye ngozi nzima paka unavyotaka mzee wangu. Kwenye kidonda wazi utomvu uliokatwa na kisu cha vitunguu hapana.

Mwana Iten
Na hiyo 21 ya Jumapili?

Chongo la Mtaa
Kimbia, utapona njiani.

Goti la Chuma Chakavu
Usikimbie. Mbio zipo kila wiki Dar siku hizi.

MamaJunia
Kimbia lakini na raba za zamani, hizo za Karume mpe mtu mwenye namba yake. Kiatu cha mbio ndefu kiache nafasi ya upana wa dole gumba mbele, na kanunue jioni mguu ukiwa umeshavimba, asubuhi mguu unadanganya.

Kisigino Chuma
Mrejesho. La kulia lilikuwa linanizuia kukanyaga nikatoa maji kama nesi alivyosema, matundu matatu, yametoka kama kijiko cha chai, maji meupe hayana harufu. Ngozi imelala. Sindano shilingi mia mbili, plasta nimenunua pana ya kitambaa, zile ndogo zinabanduka. Nimejaribu kutembea mpaka dukani na kurudi, nachechemea kama kuku aliyefungwa mguu ila moto hakuna. Raba nimezirudisha Karume, muuzaji kaniambia sikuzivaa siku mbili, nimevaa moja.

Jumapili nitaamua Jumamosi usiku. MamaJunia nikizidiwa njiani naomba uniazime zile ndala.

MamaJunia
Ya kijani imekatika mkanda.

Chongo la Mtaa
Kwa hiyo huwa unazivaa.